Chaza wa Tridacna kwenye tangi la lita 108: nimchukue yupi?

Hamadi_Leeds aliandika:

Asalaam aleikum wadau, na habari zenu wote.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, kwa sasa naishi Leeds. Sebuleni nina tangi la maji ya chumvi, sentimita 60 kwa 45 kwa 40. Kwa hesabu ni lita 108, ila ukitoa mawe na mchanga maji yenyewe hayafiki 90. Linakaribia kutimiza mwaka. Taa ni LED ya wati 90, imening'inia sentimita 25 juu ya maji. Joto 25, chumvi 1.025, alkalini 7.8 dKH, kalsiamu 410, magnesiamu 1290. Naitreti sifuri, fosfeti sifuri. Napima kila Jumamosi na hizo sifuri mbili nimezipigania sana.

Waliomo ni Amphiprion ocellaris wawili (wale wa chungwa wenye mistari myeupe), kamba msafishaji mmoja, konokono wa kula mwani, na Centropyge acanthops mmoja, yule mdogo mwenye mgongo wa njano iliyokolea na mwili wa buluu. Huyu mwenye duka aliniambia ametoka Kenya, na ndiyo sababu nilimnunua. Kila nikimwangalia naona bahari ya kwetu. Matumbawe nina Euphyllia, Zoanthus na kipande cha Montipora.

Sasa dukani wameleta chaza wa Tridacna, wale wa mwambani wenye mnofu wa rangi, wa aina tatu. Kuna maxima wa sentimita 6, buluu yenye madoa meusi, wanasema wa shambani. Kuna squamosa wa sentimita 9, kahawia na kijani. Na kuna crocea wa sentimita 4, zambarau, huyu ndiye wa bei ya chini kabisa. Nimeduwaa mbele ya yule maxima mpaka mhudumu akaniuliza kama niko sawa.

Maswali yangu: kwa tangi la ukubwa huu yupi anafaa? Nimweke juu ya jiwe au kwenye mchanga? Anahitaji kulishwa? Na taa yangu inatosha?

Mwenye uzoefu wa kufuga tafadhali, sitaki kukisia kwa kiumbe kama huyu.


Said_Muscat alijibu:

Kaka Hamadi, chukua squamosa bila kufikiri mara mbili. Katika hao watatu yeye ndiye mvumilivu wa mwanga mdogo, na sentimita 9 ni chaza aliyekwisha kukomaa kidogo, hafi ovyo. Maxima na crocea wanataka taa kali sana. Wengi wanawaona wanapendeza dukani chini ya taa nzito, wakifika nyumbani wanafifia rangi, mwezi wa tatu ganda tupu.

Mimi ninaye squamosa kwenye tangi la lita 400. Yuko kwenye mchanga, simlishi chochote, anakula mwanga na choo cha samaki. Ila angalia, hukua huyu. Kwa lita 108 siku moja utalazimika kumtafutia nyumba nyingine.


Bi_Zuhura alijibu:

Wa aleikum salaam Hamadi mwanangu. Nami nakuandikia kutoka ughaibuni, niko Copenhagen, ila nimezaliwa Jambiani na chaza hawa nimewajua kabla sijajua kuna kitu kinaitwa akwariamu. Bamvua ikitoa maji, kina mama wanakwenda mwambani na vikapu kuokota kome, tondo na pweza, na sisi watoto nyuma. Maxima unamkuta amejichimbia ndani ya jiwe, sehemu kubwa ya ganda imezama, kimebaki kile kinywa cha rangi kinachokuangalia. Maji ya magotini, jua la saa sita juu yake. Weka hilo akilini maana nitalirudia nikifika kwenye taa.

Kwanza hizo sifuri zako. Najua umezipigania, na kwenye vitabu vya zamani vya matangi ndivyo tulivyofundishwa, kwamba naitreti ni uchafu na uchafu ni adui. Kwa chaza si hivyo. Ule mnofu wa rangi anaoutandaza nje ya ganda umejaa mwani wa hadubini, zooksanthela, na mwani huo unakaa ndani ya vijibomba vinavyotokea tumboni mwake na kutawanyika mpaka ukingoni. Mchana mwani unatengeneza sukari kwa mwanga, sehemu kubwa inakwenda kwa chaza. Lakini mwani ni kama mmea tu, bila nitrojeni na fosforasi hauendi popote. Chaza anazivuta kutoka majini moja kwa moja: amonia, naitreti, fosfeti. Ndiyo maana kwenye mashamba ya chaza wako wanaotia mbolea ya nitrojeni kidogo kwenye matangi ya vifaranga ili wakue haraka. Wewe una maji yasiyo na kitu na unataka kumtia mkulima shambani asikopanda chochote.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, pandisha. Naitreti iwe 5 mpaka 10, fosfeti iwe kati ya 0.03 na 0.1. Usinunue chupa. Lisha samaki mara mbili badala ya moja. Kama una skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, izime usiku. Kama umeweka vile vidonge vya kunyonya fosfeti, punguza nusu, subiri wiki mbili, kisha toa vilivyobaki. Polepole, maana Euphyllia na Montipora nao watashtuka ukibadilisha kwa pupa. Na utaona wenyewe wananenepa.

Sasa taa. Namheshimu sana ndugu Said na anachosema kuhusu squamosa na mwanga ni kweli mtupu. Lakini hapo kwenye kuchagua tunatofautiana. Squamosa kwa asili hukaa chini kidogo kuliko maxima, mara nyingi kwenye vifusi na mchanga kati ya matumbawe, kwa hiyo mwanga wa wastani unamtosha, PAR (kipimo cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia) 150 mpaka 250. Ila anafika sentimita 40. Hamadi, tangi lako kutoka kioo cha mbele mpaka cha nyuma ni sentimita 45! Na haukui ule urefu tu, kila sentimita ya ganda ni kalsiamu na alkalini inayotoka kwenye hizo lita 90 zako. Hilo la kumtafutia nyumba nyingine silipendi, kwa sababu chaza akishajishika mahali na kuzoea, kila kumhamisha ni kumjaribu.

Crocea ndiye mdogo kuliko wote, hazidi sana sentimita 15, na mtu angesema basi huyo ndiye wa tangi dogo. Ningekubali kama angekuwa na sentimita 7 au 8. Wa sentimita 4 mwache. Chini ya sentimita 5 hana akiba mwilini, siku tatu za kukosa mwanga au za kufunga kwa woga zinammaliza. Huyo ndiye angehitaji kulishwa mwani wa majini wa chupa, na kwenye tangi dogo chakula kisicholiwa kinachafua maji. Jambo jingine, crocea wengi waliouzwa huku Ulaya kwa miaka mingi wametoka Vietnam, na wengi wao waliokotwa mwambani. Bei yake ya chini ina sababu yake.

Mimi kwa tangi lako ningechukua maxima. Sentimita 6, wa shambani, anakua taratibu kuliko squamosa, na jiwe moja zuri katikati linamtosha kwa miaka. Sharti moja tu: mwanga upimwe. Yule chaza wa Jambiani chini ya jua la saa sita ndiye huyu huyu. Anataka PAR 250 kwenda juu, mie nampendelea 300. Wati 90 kwa sentimita 25, katikati ya tangi na nusu ya kina, huenda unazipata. Pembeni chini hupati. Usikisie, azima mita ya PAR, maduka mengi ya huko yanakodisha kwa wikendi. Pima pale unapotaka kumweka, si juu ya maji.

Hizo rangi zake za buluu, usifikiri ni pambo. Mwani wenyewe ni wa kahawia. Buluu inatoka kwenye seli za chaza mwenyewe zinazotawanya mwanga, unaozidi unarudishwa, unaofaa unasukumwa ndani kwa mwani. Akiwekwa kwenye mwanga hafifu anaongeza mwani, anazidi kuwa kahawia. Kwa hiyo rangi ikibadilika anakwambia jambo.

Ukienda dukani fanya hivi. Pitisha kiganja juu yake kuzuia taa. Kwenye ukingo wa ule mnofu ana mamia ya macho madogo mno, ya tundu tu, hayana lenzi, yanatambua kivuli. Chaza mzima anajikunja papo hapo. Asiyejali kivuli, ondoka. Tazama lile tundu la kuvutia maji, liwe mwanya mwembamba. Likiwa limeachama wazi kama anahema, huyo hana siku nyingi. Mnofu ufunike ukingo wa ganda pande zote sawasawa. Ukingo wa ganda uwe na mstari mweupe mpya, ndio alama kwamba anajenga. Kisha mwombe mhudumu amgeuze. Chini, karibu na bawaba, pana uwazi ambao mguu wake unatokea na nyuzi za kujishikia. Kama mguu huo umechanika kwa sababu walimbandua kwa nguvu kutoka kwenye jiwe, usimchukue hata kwa bure.

Na hapo hapo chini, na katikati ya magamba, angalia vikonokono vyeupe vilivyochongoka, punje ya mchele inavizidi. Vinatoka usiku, vinamchoma kwenye ukingo na kumnyonya. Mayai yao ni utandoute ulio wazi ulioganda juu ya ganda. Si mwisho wa dunia, unavisugua kwa mswaki mpya, unakagua kila siku chache kwa mwezi mzima, lakini fanya hivyo kwenye ndoo kabla hajaingia tangini.

Muulize alikuwa pale dukani kwa muda gani. Aliyeingia jana mwache akae wiki mbili kwao. Na muulize karatasi. Tridacna wote wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1985. Chaza akiingia Uingereza anatakiwa awe na kibali cha kutoka alikotoka na kibali cha kuingia. Mwenye duka mwaminifu anajua shamba ni la nchi gani. Palau walianza kuwazalisha kwa wingi miaka ya 1980, na siku hizi yapo mashamba Visiwa vya Marshall na Mikronesia. Akikujibu "sijui, kutoka baharini", umeshapata jibu lako.

Limebaki jambo la yule samaki wako wa buluu, na hapa sitaki kukuficha. Centropyge wote ni wadonoaji. Wapo wanaoishi na chaza miaka bila kumgusa, na wapo wanaoanza siku ya kwanza. Chaza akidonolewa hafi kwa jeraha, anakufa kwa kufunga. Anakaa amefumba mchana kutwa, mwani haupati mwanga, njaa inamwua. Najua umempenda kwa sababu ya alikotoka, lakini swali hili ulitafakari kabla ya swali la taa.


Mzamiaji_Shimoni alijibu:

Salamu kutoka Shimoni. Matangi ya ndani ya nyumba siyajui, mimi ni wa upande wa huku kwenye maji. Kazi yangu ni kupiga mbizi kukamata samaki wa mapambo kwa nyavu za mkono, na huyo acanthops wa Hamadi inawezekana kabisa alipitia mikono ya wenzetu wa pwani hii.

Nimesoma maneno ya Bi Zuhura kuhusu maxima kujichimbia na naongezea. Kwa sababu amezama ndani ya jiwe, mtu akitaka kumtoa hamng'oi, anavunja mwamba. Kwa nyundo au kwa chuma. Ukiona chaza wa maxima mwenye ganda lililokwanguka upande mmoja au lina vipande vya tumbawe vimeng'ang'ania chini, jua alitolewa hivyo. Wa shambani ganda lake ni safi pande zote mbili, maana alikulia kwenye trei. Hiyo ni alama ambayo hata muuzaji hawezi kuibadilisha.

Ndani ya Hifadhi ya Kisite huruhusiwi kuchukua chochote, na huko ndiko unakowaona bado wakiwa wengi. Nje ya hifadhi, mwambani ambako watu wanafika kwa miguu maji yakitoka, wakubwa unawatafuta. Squamosa unamkuta chini zaidi, ametulia tu kwenye vifusi, magamba yake yamesimama kwenye ganda na mara nyingi vidudu vimejificha kati yake. Yeye akishakuwa mkubwa hajishiki sana, unaweza kumwinua kwa mikono miwili. Ndiyo maana ndiye wa kwanza kuisha. Nyama yake inaliwa na ganda linauzwa kwa watalii.

Sasa huyo samaki. Tunampata kwenye vifusi hivyo hivyo vya matumbawe, anaingia tundu hili anatokea lile, na kazi yake tangu kunapambazuka ni kudonoa mwani na vitu vidogo juu ya mawe. Sijawahi kumwona akimdonoa chaza huko chini, lakini huko ana mwamba mzima wa kula. Ukimfungia kwenye sanduku la sentimita 60 lisilo na mwani hata kidogo, maana umesema maji yako ni sifuri kila kitu, atadonoa nini? Mimi ningeanza na kumshibisha.

Kaskazi hii maji yametulia na yako maangavu, nikishuka tena nitawaangalia maxima wanakaa na samaki gani karibu.


Hamadi_Leeds aliandika:

Shikamoo Bi Zuhura, na ahsanteni sana kaka Said na kaka wa Shimoni. Nimesoma majibu haya kwa sauti, mke wangu akisikiliza. Yeye neno lake ni moja, yule samaki haendi popote.

Nimefanya haya. Vidonge vya fosfeti nimetoa nusu. Nalisha asubuhi na jioni, na nimeanza kubandika kipande cha mwani mkavu kwenye kioo kwa ajili ya acanthops, naye anakimaliza kabla ya adhuhuri. Naitreti sasa inasoma 2. Mita ya PAR nimekodi: juu ya jiwe la katikati 310, kwenye mchanga chini yake 170, pembe ya kulia nyuma 90.

Nilirudi dukani nikapitisha kiganja. Maxima alijikunja kabla kivuli hakijamfika sawasawa. Squamosa pia. Yule crocea alichelewa, na tundu lake liko wazi. Ganda la maxima ni safi pande zote mbili kama alivyosema kaka wa Shimoni. Mwenye duka amenionesha nakala ya kibali, chaza ametoka Palau, na yuko pale dukani wiki ya tatu sasa.

Yamebaki haya. Kama nitamchukua, nimweke kwenye jiwe la 310 moja kwa moja? Kuna namna ya kumjaribu samaki bila kumweka chaza hatarini? Na alkalini, 7.8 inatosha? Halafu wale ocellaris wangu hawana anemoni, wanalala ndani ya Euphyllia. Nimesikia wanaweza kumgeuza chaza kuwa nyumba yao.


Bi_Zuhura alijibu:

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri na namba hizo za PAR zimenifurahisha.

Alkalini. 7.8 si mbaya, tatizo ni kutetereka. Leo 7.8, chaza na Montipora wakila, kufika Ijumaa utakuwa 7 na pungufu, Jumamosi unatia dawa nyingi kwa mara moja inaruka 9. Kwenye lita 400 za Said mruko huo hauonekani. Kwenye lita 90 chaza anauona. Panda taratibu mpaka 8.5 kisha ibaki hapo hapo, kwa kutia kidogo kila siku zile dawa za sehemu mbili, kalsiamu chupa yake na alkalini chupa yake, usizitie pamoja sehemu moja. Katika mwezi wa kwanza wa chaza pima alkalini kila baada ya siku moja, saa ile ile, ndiyo itakayokuonesha anakula kiasi gani. Kalsiamu 410 iache kati ya hapo na 440.

Chumvi pia. Msimu wa baridi na joto la nyumba likiwaka tangi la wazi linapoteza lita na zaidi kwa siku. Kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki, inakolea. Kama bado unajazia kwa jagi ukikumbuka, nunua kile kifaa cha kujazia chenyewe chenye kihisio. Kwangu hicho kinakuja kabla ya chaza.

Kumweka. Usianze na 310. Dukani kwao huenda alikuwa kwenye mwanga wa nusu ya huo na hujui. Tafuta jiwe bapa dogo, sawa na kiganja, lina kishimo kidogo katikati. Mweke humo, na jiwe liweke mchangani kwenye hiyo 170. Atatoa nyuzi ajishike kwenye jiwe hilo kwa siku chache. Wiki mbili baadaye unainua jiwe pamoja naye, humgusi mwenyewe, unalipandisha kwenye jiwe la katikati. Jiwe bapa pia linaziba ule uwazi wa chini, minyoo ya mchangani isiingie. Asiposhika mahali ulipomweka, akawa anarukaruka na kuanguka, hapapendi, msogeze. Na ikibidi siku moja kumtoa alikojishika, kata nyuzi kwa wembe sawa na jiwe. Usivute kamwe. Nyuzi zitaota tena, mguu hauoti.

Upepo wa pampu usimpige usoni. Mnofu uwe unacheza kidogo, usijikunje. Na Euphyllia mpe nafasi ya kutosha, usiku mikono yake inarefuka na inachoma.

Ocellaris wenye Euphyllia kwa kawaida hawahami. Wakihamia kwa chaza utawajua, watajisugua juu yake naye atabaki amefunga nusu. Wengine wanazoeana. Usipange jambo juu ya hilo kwa sasa.

Sasa samaki wa mke wako. Namna ninayoiamini ni ya kikapu. Chukua kikapu cha plastiki chenye matundu mapana, kigeuze kimfunike chaza na jiwe lake kwa siku kadhaa za mwanzo. Mwanga unapita ingawa unapungua, samaki hafiki. Hapo chaza anazoea maji bila kusumbuliwa, na samaki anazoea kuona kitu kipya asichoweza kukigusa. Kisha toa kikapu asubuhi, siku ambayo uko nyumbani mchana kutwa, na mwani mkavu uwe umeshabandikwa kiooni. Kaa uangalie. Kupita karibu na kuchungulia si neno. Mdomo ukigusa mnofu mara moja na chaza akafunguka tena baada ya dakika, endelea kuangalia. Akirudi mara ya pili na ya tatu, rudisha kikapu na jioni hiyo hiyo amua nani anaondoka. Ongea na mwenye duka kabla hujalipa, akubali kumpokea chaza kama imeshindikana, na akubali kwa maandishi. Niliwahi kuwa na Centropyge aliyekaa na chaza wangu kwa amani muda mrefu, kisha akaanza kudonoa bila sababu niliyoiona. Kwa hiyo hata ikienda vizuri, jicho lako libaki hapo.

Mawili ya kujua mapema. Ukiona ukingo wa mnofu umejibana na kukunjika sehemu moja, na sehemu nyingine ziko wazi, huo ni ugonjwa. Wanaofuga wanauita kubanwa mnofu, na dawa yake ni kumwosha kwenye maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, joto na pH vikilingana na vya tangi, kama nusu saa. Inatisha lakini inafanya kazi. Usifanye kwa tatizo jingine lolote. La pili, akifa, na utajua kwa kuachama bila kujibu kivuli na kwa harufu, mtoe saa hiyo hiyo. Nyama ya chaza inaoza kwa kasi na amonia katika lita 90 itaondoka na wengine wote.

Kulisha, huyu wa sentimita 6 usimpe chochote. Naitreti yako ikifika 5 ndiyo chakula chake.


Said_Muscat alijibu:

Bi Zuhura nimekuelewa, na kwa tangi la sentimita 45 nakubali squamosa angebanwa. Hamadi, kwenye kikapu usitumie cha rangi nyeusi, kinakula mwanga. Cheupe au kisicho na rangi. Na kama PAR chini yake ikishuka chini ya 100 punguza siku za kukiweka.


Hamadi_Leeds aliandika:

Nimeongea na mwenye duka. Amekubali kunishikia maxima wiki nne kwa malipo ya nusu, na akaandika kwenye risiti kwamba nikimrudisha ndani ya siku 30 akiwa hai ananirudishia hela. Crocea alikufa juzi, nilimkuta wanamtoa.

Kifaa cha kujazia maji kimeagizwa. Alkalini nimeanza kupandisha, leo 8.0. Jiwe bapa nimelipata, lina kishimo chenyewe. Nikifika naitreti 5 na alkalini 8.5 zikatulia wiki mbili mfululizo ndipo nitakwenda kumchukua. Kama acanthops akianza, chaza ndiye atakayerudi dukani. Mke wangu na mimi tumeshakubaliana hilo.


Bi_Zuhura alijibu:

Mpango mzuri. Hizo wiki mbili pima asubuhi kabla taa hazijawaka na usiku kabla hazijazimwa, angalau mara moja, uone alkalini inashuka kiasi gani mchana. Niletee namba zote mbili hapa, nikusaidie kukadiria dawa ya kila siku kabla chaza hajaingia.